Mkurugenzi wa Pili

Mimi ni mtu wa kushuku. Shangazi yangu aliponipigia simu kutoka ufukweni mwa ziwa, upande wa Bondo, akisema kampuni ya kufuga samaki inataka kukodi shamba lake lote kwa miaka hamsini, nilimwambia asitie sahihi popote mpaka niichunguze.

Kampuni ya umma haisumbui. Inauza hisa kwa watu, kwa hiyo hulazimika kujianika kama dagaa wa omena, taarifa za mwaka zote juani. Ya binafsi, kama hii, lazima uende ufunue sufuria mwenyewe. Nilianza na anwani, ikanipeleka mtaa wa Nyalenda, kwenye chumba kilicho juu ya kinu cha unga. Kufuli la mlango lilikuwa na utando wa buibui.

"Hakuna mtu huingia hapo," alisema mama aliyeuza maji pale chini. "Lakini asubuhi tunaskia viti zikivutwa."

Nikacheka. Kisha nikakisikia kimoja kikivutwa, na nikaondoka upesi kuliko nilivyokuja.

Nilipofika nyumbani nikalipia kwa msajili wa kampuni, mtandaoni, orodha ya wakurugenzi. Jina la kwanza sikulijua. La pili lilikuwa la mume wa shangazi, pamoja na nambari ya kitambulisho chake. Mzee huyo nilimzika, nilishika koleo mwenyewe, katika shamba lile lile. Aliteuliwa mkurugenzi miaka minne baada ya sisi kumfukia. Niliogopa, sifichi.

Kesho yake nikaichapisha orodha ile, nikampelekea shangazi karatasi.

"Waya," nilimwita, yaani shangazi kwa Kijaluo, "kitambulisho cha mzee kiko wapi?"

"Si nilipea wale watu wa kampuni. Walisema wanataka ya mwenye boma."

"Mwenye boma ni wewe!"

Alinitazama kana kwamba nimetukana kanisani. Kwetu mjane hubaki mke wa aliyemuoa, na boma hubaki la mume hata akiwa kaburini. Nililijua hilo tangu utotoni.

Nikamweleza kwamba hao ni matapeli, kwamba maiti haiteuliwi, twende polisi. Hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akipitisha kidole juu ya jina lile, taratibu, tena na tena.

"Nilikuwa nakataa kusaini juu sikujua yeye anasema nini," alisema.

Akaingia ndani, akarudi na mkataba na kalamu.

"Sasa nimeona amekubali. Mimi ni nani nimpinge?"

Nilimshika mkono, akautoa. Alitia sahihi hapo hapo mezani, mkataba ukiwa juu ya karatasi niliyomletea.