Bibi wa Darajani

Gemu ile ya kwanza hatukuisoma, tuliiangalia tu. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani, na katika nyumba zetu za kaunsili ya jiji kando ya Barabara ya Jogoo hakukuwa na mtu aliyejua hata herufi moja ya lugha hiyo. Mashine ilitoka Uarabuni. Ilitumwa na kijana aliyekuwa akifanya kazi huko, akamtumia mama yake, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa Kiislamu aliyekuja Nairobi kutoka Pwani akiwa msichana na kuzeekea hapa. Ilikuja na kaseti moja ya gemu na salamu kwamba yeye mwenyewe angekuja mwaka ujao.

Sote tulimwita Bibi, hata sisi ambao bibi zetu wa damu walikuwa magharibi huko, wakilima mahindi. Mtu mwingine angeiuza mashine ile. Yeye aliiunganisha na televisheni ya sebuleni na akatangaza kwamba atakayenunua hamri kwake ana haki ya kuketi. Mama yangu alipoona joka kwenye kioo aliuliza kama ndilo lile la Ufunuo katika Biblia. Bibi akamjibu kwamba la Ufunuo lina vichwa saba, hili lina kimoja, na hicho kimoja watoto watakikata. Mama akaona afadhali niwe hapo kuliko barabarani, akaniacha.

Tulicheza kwa zamu. Ukifa, unampisha mwenzio. Bibi mwenyewe hakuwahi kushika vibonye. Alikaa nyuma yetu na sinia la vitunguu mapajani, akasema, "Paukwa," nasi tukaitikia, "Pakawa," kisha akatueleza kinachotokea. Kila kilichojitokeza kwenye kioo alikuwa na maelezo yake kabla hujauliza. Wanawake wawili wenye taji walikuwa wake wenza, na ndiyo maana ngome ile haikuwa na amani. Mlinzi aliyegoma kutufungulia lango alikuwa askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, anangoja chai, yaani hongo. Tulijua fika kwamba Bibi hajui Kijapani zaidi yetu. Hatukujali. Hadithi yake ilishika kila mahali, na sisi tulitaka hadithi.

Na kulikuwa na yule mwanamke wa darajani. Kizee wa nguo za samawati, amesimama mwanzo wa daraja la kamba. Kila shujaa wetu alipopita, kizee alimpa bakuli. Ukilipokea, ule mstari mwekundu wa uhai, sisi tuliuita laifu, ulishuka karibu nusu na shujaa akatetemeka mwili mzima. Kulikuwa na njia ya kukataa. Mmoja wetu aliwahi kuijaribu, akachagua mstari wa pili, kizee akarudisha bakuli lake nyuma na laifu haikuguswa. Bibi alimchapa kisogoni kwa pindo la leso.

"Chakula cha mkubwa hakikataliwi," alisema. "Na dawa kali lazima ikutikise kwanza."

Basi tukawa tunakunywa. Kila tulipopita, na tulipita mara nyingi maana njia zote zilikutana pale, tulipokea bakuli kwa adabu, tukayumba, tukaingia msituni nusu wafu kutafuta majani ya kurudisha nguvu. Shujaa wetu alifika kwa kila adui akiwa hoi. Hakuna aliyelalamika. Tulilelewa hivyo nyumbani pia. Ukitembelea watu wakakupa uji wa moto kupita kiasi, unakunywa na kushukuru.

Kwa masimulizi ya Bibi, kizee yule alikuwa anangoja. Mwanawe alivuka zamani kwenda kutafuta maisha na hakurudi. Daraja lilikuwa bovu, na mama hakuweza kulivuka peke yake. Mpaka apate mtu aliyekula mkononi mwake, ampe mkono, amvushe. Hata mtoto aliona anayezungumziwa ni nani.

Mimi ndiye niliyekuwa msumbufu wa sebule ile. Sijui kutulia, mpaka leo. Zamu ikiwa ya mwingine nilitembea kati ya mlango na beseni la vyombo, nikirudi kuchungulia kioo kana kwamba kitatoroka. Bibi aliniuliza kila siku kama ninakalia siafu. Nilikuwa msichana pekee pale, na nadhani alinipenda kwa sababu sikumwacha apumue: kwa nini mwana harudi, kwa nini kizee asitambae, kwa nini tusimbebe. Ngoja, aliniambia. Hakuna neno nililolichukia kama hilo.

Siku tuliyoliua joka, sebule ilijaa mpaka dirishani. Ilituchukua muhula mzima wa shule. Mwishowe ikaja picha moja: daraja, kizee upande huu, shujaa upande wa pili akiwa amegeuka, anatazama nyuma. Chini yake mistari mirefu ya maandishi. Kisha giza. Tulipiga kelele kila mtu na lake, amerudi kumchukua, hakurudi. Bibi aliweka kisu kwenye sinia akafikiri. Halafu akasema hii ilikuwa sehemu ya kwanza, lazima kuna ya pili, na katika ya pili atavuka. Aliyekula kwake hawezi kumwacha.

Mwaka ujao wa yule kijana ukapita, na mwingine ukapita. Mashine ikafa kwa joto. Bibi akaanza kujikata vidole kwa vitunguu, kisha akaanza kutuuliza aliyeingia ni nani wakati aliyeingia amesimama mbele yake mwangani. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikataa katakata kupasuliwa kabla mwanawe hajaja, eti ni lazima jamaa wa karibu awepo. Binti wa dada yake alikuja kumchukua akaishi naye Majengo. Siku ya kuhama nilimbebea mto na redio. Mlangoni alinishika sikio, si kwa nguvu, kama mtu anayetafuta mpini wa kikombe gizani.

"Sehemu ya pili ikitoka, wewe mwenye miguu isiyotulia ndiye utakayeniletea habari," alisema. "Mengine yote siyataki. Niambie tu kama alivuka."

Nikawa na kazi. Niliulizia kila duka la kukodisha kanda za video, mpaka wenye maduka wakaniona natokea wakaanza kutikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Jumapili, baada ya kanisa, nilipita Majengo. Nilimpa Bibi shikamoo, naye badala ya marahaba akaniuliza, imekuja? Bado, Bibi. Alikuwa hataji mwanawe tena. Aliuliza gemu tu. Nilitoka pale kila mara nikitembea haraka kuliko nilivyoingia, nikiwa na hasira na watu nisiowajua, waliokaa huko kwao Japani wakichelewesha mambo.

Nilikuwa nimeingia sekondari habari ziliponifikia kwamba Komarock kuna kijana amefungua chumba cha gemu chenye mashine mpya za CD, na ile yetu sehemu ya pili anayo. Tena ya Kiingereza. Jumamosi sikunywa hata chai.

Niliitambua kwenye kasha kabla sijaambiwa. Mlima ule ule, na daraja kwa mbali. Nikaketi kwenye benchi kati ya wavulana wawili ambao hawakufurahi. Hatimaye ningesoma. Hatimaye wangenieleza wenyewe kwa lugha ninayoifahamu.

Na wakanieleza. Walieleza mpaka nikatamani kuziba masikio. Shujaa mpya, nywele za njano zimesimama kama ufagio wa chelewa, hakuweza kupiga hatua tatu bila mtu kutokea kumwambia aende wapi. Ile ya kwanza ungeweza kupotea msituni siku nzima na kurudi na kitu ambacho hakuna mwenzio aliyewahi kukiona. Hii ilikuwa na mshale juu ya kioo. Ukitaka kwenda kushoto unaambiwa si sasa. Milango mingi ilichorwa tu ukutani, haifunguki. Wale wenye taji hawakuwa wake wenza, walikuwa dada, na walizungumza kuhusu kodi. Nilibonya na kubonya kuwanyamazisha, miguu ikigonga sakafu, mpaka jirani yangu wa kulia akaniomba nitulie kidogo.

Nilivumilia kwa ajili ya daraja. Nilipolifikia nikasimama wima, vibonye mkononi. Daraja lilikuwa jipya, la mawe. Kizee hakuwepo. Palikuwa na mwanakijiji mmoja tu, nikamsogelea, naye akaeleza kwa sentensi mbili kwamba zamani mchawi mwenye kuwatilia wapita njia sumu alikaa hapa, na kwamba siku alipotupwa mtoni kijiji kilifanya sherehe. Basi. Akarudi kutazama maji. Nilimsemesha tena, akarudia yale yale. Nilimsemesha mara nyingi.

Kijana mwenye chumba aliniona nimekwama.

"Huyo mathe wa daraja alikuwa mchawi tangu part one," alinieleza, bila ubaya wowote. "Kwani hukuwa unaona? Akikupea hiyo kitu yake laifu inashuka. Ulikuwa unakunywa?"

Nikamwambia nilikuwa nakunywa.

"Kila time?"

Benchi zima likacheka. Nilimrudishia vibonye vyake na dakika nilizolipia zilizobaki nikawaachia. Nilitoka nikafuata Barabara ya Kangundo kwa miguu, mbali sana, bila kujua naenda wapi. Niliona haya, kwanza, kama mtu aliyeimba kwa sauti kumbe wimbo si huo. Halafu hasira. Miaka yote ile tuliyumba msituni tukitafuta majani, na Bibi nyuma yetu anasema ni dawa. Nilimkasirikia hata yeye. Kisha nikakumbuka nani alikuwa ananingoja, na hasira ikaingiwa na woga.

Jumapili hiyo sikwenda Majengo. Iliyofuata nilienda nikafika kwenye kona yao, nikazunguka mtaa, nikanunua njugu nisizozitaka, nikazunguka tena. Nilikuwa na maneno mawili mdomoni. Moja lilikuwa fupi: alivuka. Lingemtosha. Nani angekuja kunisahihisha, asiyeona na asiyejua Kiingereza? Lakini kila nilipolijaribu lilitoka na ladha ya yule mwanakijiji, mtu anayesema alichopangiwa kisha anageuka kutazama maji.

Alikuwa ameketi kitandani, uso umeelekea mlangoni. Alijua ni mimi kwa miguu.

"Imekuja," alisema. Hakuuliza.

Nikamwambia yote, nikitembea kati ya kabati na ukuta. Nilimwambia kuhusu mshale, milango ya kuchora, dada wawili na kodi zao. Nilitarajia anikatize. Alingoja. Basi nikamwambia na la daraja, kwamba hakuvuka, walimtupa, na lile bakuli wanasema lilikuwa la sumu.

Nje, watoto wa nyumba ya pili waligombania ndoo. Kisha mabega ya Bibi yakaanza kutikisika, nikadhani nimemliza.

"Sumu," alisema, na kumbe alikuwa anacheka. "Nimewanywesha watoto wa watu sumu, tena nikawachapa." Alijifuta macho kwa leso. Kicheko kilikatika ghafla kama kilivyoanza. "Hao waliosema ametupwa, walikuwepo?"

"Ndio walioitengeneza, Bibi."

"Nimekuuliza walikuwepo? Wamewahi kusimama pale, miaka yote hiyo, na bakuli mkononi?"

Aliniambia niketi, nikamwambia siwezi. Akasema basi nisimame, lakini nisimame mahali pamoja, maana nikizunguka hivyo atanifuataje. Yeye alikuwa amechoka kusimulia. Alisimulia akiona, na sasa haoni, na mwenye macho ni mimi. Leo yeye ataitikia.

"Mimi, Bibi? Sijui itaishaje."

"Wala mimi sikuwa najua. Nilikuwa nakata vitunguu." Akavuta miguu yake juu ya kitanda, akatengeneza leso kichwani kama anayejiandaa kutoka. "Mwanangu haji. Nimeshajua muda mrefu. Nivushe wewe."

Nilifikiria kioo, daraja la kamba, maandishi tusiyoyajua yakipita chini.

"Paukwa," nikasema.

"Pakawa," akajibu, na akanyoosha mkono. Aliunyoosha kuelekea dirishani, mahali ambapo sikuwepo. Nikahama, nikaenda kusimama pale.