Zena Asiyeitika

Enzi zetu, sisi tuliokulia milimani juu ya Mkuyuni, simu ilikuwa koo la mama. Alisimama ukingoni mwa migomba, akakinga viganja mdomoni, akaita. Jina likavuka bonde, likagonga mlima wa pili na kurudi. Mtoto wa kike mwenye adabu aliitika "Abee!" upesi, sisi wa kiume "Naam!" hata kama mdomo umejaa ndizi.

Dada yangu Zena, tuliyesoma naye darasa moja, hakuitika. Wazee walimwita njiani, akapita zake. "Ana kiburi huyu," wakasema. Mama, aliyeogopa aibu kuliko njaa, akamchapa, kisha akaapa: "Muhula ukiisha, shule basi! Asiyeitika hafundishiki." Zena alilia kimya kimya. Mimi, Mungu anisamehe, nilimcheka.

Wiki ileile mwalimu wa sayansi alileta ngoma darasani, akanyunyiza mchele juu yake, kisha akapiga debe kando. Mchele ukarukaruka wenyewe! "Sauti ni mtetemo," akatuambia. "Debe linatikisa hewa, hewa inakwenda kwa mawimbi, inatikisa ngozi. Ndani ya sikio mna ngoma kama hii, na vifupa vitatu vinavyopokezana mtetemo hadi ndani kabisa, ndipo ubongo unapata habari." Wengi wetu tulikuwa tunausikitikia mchele.

Kisha tukatengeneza simu kwa makopo mawili ya maziwa na uzi wa katani. Uzi ukilegea, hupati kitu. Ukikazwa, mnong'ono unafika ng'ambo ya uwanja. Zamu ya Zena ilipofika, nilimwita. Akaweka kopo sikio la kushoto, akangoja, akangoja. Akalihamishia kulia, akaruka: "Abee!" Mwalimu akamrudisha kushoto, nikaita hadi kopo likalowa mate. Hakusikia lolote. Kumbe sikio lile lilikuwa limekufa, na la kulia lilipata ya karibu tu. Yeye alidhani watu wote husikia hivyo.

Jioni mwalimu alipanda mlima kumweleza mama. Mama akaketi, akafunika uso kwa khanga. Wazazi wa wakati ule hawakuwa na desturi ya kumwomba mtoto radhi, lakini nilimsikia: "Nisamehe mwanangu. Nimekuchapa bure." Shule Zena hakuachishwa.

Siku hizi vijana wa mjini wanaziba masikio yote mawili kwa hiari yao. Ukimwamkua mmoja hapa Mwembesongo, anakutazama mdomo tu. Ila tusiwaseme sana. Hata mimi chai ikiiva nampigia simu mwanangu aliye chumba cha pili, kwa uvivu wa kuinuka.

Tangu jioni ile ya mwalimu, mama hakumpazia Zena sauti tena. Alipomhitaji, alishuka bondeni, akavuka kijito, akapanda kilima cha pili na magoti yake yale mabovu, mpaka akasimama upande wake wa kulia. Ndipo akamwita, taratibu.