Kahamisha mtaa mzima, mama yake kamshinda

Mlango uko wazi. Maboksi yamefungwa tangu jana, na lori linanguruma pale chini. Mwenye nyumba yuko sebuleni, anapunga mkono kuwaita wabebaji waingie. Lakini mwanamke aliyefunga kitambaa cha kijani kichwani haingii. Anasimama kizingitini na kupiga hodi.

"Si nimeshawaona? Piteni," anasema mwenye nyumba.

"Hodi," anarudia, kwa upole wa mtu asiye na haraka hata kidogo.

Nyuma yake, wanaume wanne wenye mabega ya kubebea makabati wanatazama sakafu, wamebana vicheko. Wamezoea. Mwenye nyumba anaona bora yaishe, anaitikia karibu, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Mtaani wanamwita Taratibu, kwa sababu neno hilo analitamka mara nyingi kuliko jina lake. Kwa miaka kumi na miwili sasa kazi yake ni kuhamisha watu: anakodi lori, anawaita wale wanaume wanne, anafunga, anashusha, anapandisha. Wiki nzuri inalisha nyumba na kubakisha cha ada ya watoto. Mvua ikishika, watu hawahami, na yeye hukaa dirishani akiitazama kama mkwe aliyekuja bila taarifa.

Leo ana kazi mbili. Hii ya asubuhi ni rahisi. Ya mchana haina malipo, na imeshamshinda mara tatu: kumhamisha mama yake mzazi, ambaye anaishi peke yake juu ya ngazi kali isiyo na kishikio, na ambaye mwaka huu ameteleza mara mbili. Mara ya pili alikaa wiki nzima amefunga goti, akimwambia kila aliyekuja kumjulia hali kwamba ni baridi tu.

"Hakuna chuo cha kazi yangu," anasema Taratibu, huku akikagua fundo la kamba. "Mimi nimesomeshwa na mama, na mwiko ulikuwa chaki yake."

Anakumbuka alivyotumwa sokoni akiwa hajatimiza hata miaka minane. Alitanguliza nyanya kikapuni, akapakia viazi juu yake. Alifika nyumbani na rojo. Mama hakumchapa. Alimsimamisha mbele ya ndugu zake wakati wa kula, awaeleze mmoja mmoja kwa nini viazi vya siku hiyo havina mchuzi.

Kwa hiyo ukimwona leo anamfokea mbebaji anayetaka kutanguliza boksi la glasi chini ya friji, ujue anayefoka ni binti wa viazi vikavu. Vizito huanza, vyepesi hufuata, magodoro huingia mwisho kabisa, maana mwenye nyumba akifika amechoka atauliza kitanda kabla ya kuuliza kabati.

Mbebaji mrefu kuliko wote, ambaye wenzake wanamwita Mlingoti, anajaribu kushuka na viti vitatu kwa mpigo. Anarudishwa juu, ashuke na kimoja kimoja. "Mvivu ndiye hubeba vyote mara moja," anaambiwa. Mlingoti ananong'ona kwamba yeye ana mama yake nyumbani, hakuomba wa pili kazini.

Na ile hodi je? Hapo Taratibu anacheka mpaka anakaa juu ya boksi.

Miaka mitatu iliyopita mteja alimwelekeza ghorofa ya tatu. Yeye akahesabu na ile ya chini, akasimama ghorofa moja kabla. Mlango ulikuwa wazi, akapita na watu wake moja kwa moja. Sebuleni alikuwapo mwanamume mmoja, amejiinamia. Alipoona meza inanyanyuliwa, hakuuliza kitu. Alishusha pumzi, akasimama, akabeba televisheni.

"Nikasema, leo nimepata mteja mwenye roho safi," anasimulia. "Anabeba huku machozi yanamtoka. Nikadhani ameipenda sana nyumba."

Kumbe usiku uliotangulia alikuwa amegombana na mkewe, na mke alikuwa ametishia kuondoka na kila kitu. Bwana akaamini ndiyo siku yenyewe. Mke, aliyekuwa ametoka tu kununua mkate, aliporudi alikuta pazia moja na mume aliyepiga magoti. Kabla hajafumbua mdomo, mume akamwaga yote, likiwamo lile ambalo hakuna aliyelijua: kwamba ni yeye aliyemwambia mama mkwe kuwa nyumba ina kunguni, ili asije kukaa.

Vitu vilirudishwa juu siku hiyohiyo, bure. Mama mkwe alikuja wiki iliyofuata, akakaa miezi miwili.

"Mama alikuwa akituambia, mlango ukiwa wazi haukuiti wewe," anasema Taratibu, sasa hacheki sana. "Nilimhamisha mtu bila kumuuliza. Sirudii."

Ndiyo maana hasikilizi ushauri wa kaka yake mkubwa, ambaye humpigia simu kila wiki kumkumbusha kwamba lori analo, wanaume anao, na bibi kizee yule hafikii hata uzito wa kabati. Ambebe, yaishe.

Mchana lori linaegeshwa mbele ya nyumba ya mama. Taratibu anapanda ngazi, maboksi matupu kwapani, Mlingoti nyuma yake. Mama yuko kwenye kigoda, anakunja nguo. Anaamkiwa, anaitikia marahaba, halafu anayatazama maboksi.

"Hayo ya nani?"

"Ya kazini, mama."

"Basi yapeleke kazini."

Mlingoti anakohoa kuficha kicheko, anaambiwa na yeye aende nayo. Anakwenda mbio.

Taratibu anaanza maneno yake ya siku zote: ngazi, goti, chumba cha chini kilicho wazi nyumbani kwake, kwamba atahama mwisho wa mwezi na limekwisha. Mama anamwacha amalize.

"Mara zote nne umekuja na lori," anasema. "Hata siku moja hujaja na swali."

Mwanamke ambaye asubuhi alikataa kuvuka mlango uliokuwa wazi anakosa pa kuweka mikono. Anavuta ndoo, anaigeuza, anaikalia. Anauliza kwa sauti ndogo isiyolingana na mabega yake.

"Mama, utapenda kuja kukaa na sisi?"

Mama anakunja kanga moja, kisha nyingine. Anauliza kama dirisha la hicho chumba linatazama njia, maana yeye hawezi kuishi akitazama ukuta. Linatazama njia. Anauliza nani atapanga vyombo vyake. Anaambiwa atapanga mwenyewe.

"Mimi sihamii kwa mtu, nikawa mgeni wa kuomba chumvi. Nahamia kwangu. Kama hicho chumba si changu, sema sasa hivi."

"Ni chako, mama."

"Haya. Jumapili nitakuja kukiona. Chumba cha kusimuliwa sihamii."

Taratibu anashuka ngazi kwa mwendo ambao amewakataza wabebaji wake miaka yote. Chini anawatangazia kwamba Jumapili hakuna kazi, hata aje mteja gani. Ana mipango: rangi chumbani, kishikio cha chuma bafuni, taa mlangoni. Mlingoti anashangaa. Siku nzima kwa chumba kimoja?

"Chumba chake hakinisumbui," anajibu, akipanda lorini. "Ila namjua mama, ukaguzi ataanzia changu. Ole wangu akikuta sijatandika kitanda."