Shati la Mtihani wa Mwisho

Siku hizi mji wetu wa Tafí huamshwa na mbwa. Zamani tuliamshwa na king'ora cha karakana ya reli, na mtoto wa mfua chuma alijua kesho atasimama wapi. Mimi niliishia darasa la nne. Mengine niliyasoma kwenye maktaba ya chama cha wafanyakazi, ambayo sasa ni duka la ndoo za plastiki. Karakana ilifungwa, geti likatiwa minyororo, na waliotufukuza wanakula vizuri mpaka leo.

Marisel Ledesma, jirani yangu, alikulia nyuma ya ukuta wa karakana. Baba yake alikuwa fundi breki za mabehewa. Baada ya kufukuzwa pamoja na sisi, alikufa kwa kukaa bure. Binti akataka kuwa injinia wa treni. Alisoma mjini, akafaulu yote, likabaki somo moja. Hapo akakwama. Ulikuwa mwaka ule benki zilipowafungia watu milango, na mainjinia wakawa wanauza soseji barabarani.

Kwetu, mtu akitoka kwenye mtihani wa mwisho, watu wake humngoja mlangoni wamrushie mayai na unga mpaka asitambulike. Kwa hiyo siku hiyo huvaa nguo mbovu kuliko zote. Mama yake Marisel, Elba, alikuwa ametenga shati la kazi la marehemu mumewe, likining'inia kwenye msumari. Lakini kila msimu wa mitihani Marisel alipita dirishani kwangu na blauzi yake nzuri nyeupe, nami nikajua haingii kwenye mtihani.

"Vipi, umefanya?" nilimuuliza akirudi.

"Profesa hakuja, Don Evaristo."

"Profesa huyo mgonjwa kweli. Kila msimu yuko kitandani."

Akacheka kidogo, akakaa kizingitini. "Sasa hivi wakiniuliza nafanya nini, nasema nasoma. Nikimaliza nitasema nini?"

"Sema wewe ni injinia."

"Injinia wa nini, babu? Wa minyororo ya geti?"

Nilimmiminia yerba, chai yetu chungu ya majani, akanywa akitazama bomba la moshi la karakana, ambalo lilikuwa limeota majani.

Wiki ya mtihani uliofuata, nilimsikia Elba uani akilikung'uta lile shati.

"Nalipeleka sokoni kwa wanaobadilishana vitu. Litaleta unga."

"Shati la baba?"

"Baba yako halivai. Wewe huvai. Unataka nivae mimi?"

Kesho yake asubuhi Marisel alipita dirishani amevaa shati la baba yake, mikono ya shati ameikunja. Hakunisalimu.

Tulimfuata mjini, majirani wachache. Unga ulikuwa chakula, mayai ndiyo kabisa, kwa hiyo tulibeba makapi ya yerba na maganda ya malimau. Alipotoka akatikisa kichwa kukubali kwamba amefaulu, tulimmwagia yote. Elba, aliyeapa njia nzima kwamba chakula hakitupwi, akatoa yai moja mfukoni. Hakulirusha. Alilipasua taratibu juu ya utosi wa bintiye, na ute ukashuka hadi kwenye kola.

"Nisamehe, mama," Marisel alisema. "Nilikuwa naogopa kumaliza."

"Umemaliza. Funga mdomo, yai litaingia."

Kazi haikupatikana. Alizunguka viwandani mpaka viatu vikaisha. Msimu wa malimau ulipofika alipanda lori la wachumaji akiwa amevaa shati lile, doa la yai bado liko kwenye kola.

"Injinia, sogea huko," wenzake humtania.

"Tiketi kwanza," huwajibu. "Treni hii haibebi wazururaji."

Wanacheka. Lori likifika kwenye geti lenye minyororo yeye huacha kucheka, hugeuza shingo, akiitazama karakana mpaka ipotee kwenye kona. Mimi humwona kwa sababu huwa nimesimama dirishani. Ni saa ile king'ora kilipokuwa kikilia.