Kiwiko cha Mrushaji na Bega Langu

Nyumba niliyopewa kufanyia kazi Riyadh ilikuwa na ndugu wawili waliogombana kila alfajiri juu ya kiwiko cha mtu ambaye hawajawahi hata kumsalimia.

Bosi wangu na mdogo wake walikuwa wamesoma Marekani, upande wa magharibi, wakarudi na digrii na ugonjwa mmoja: besiboli. Timu yao ilicheza jioni ya huko, ambayo kwetu ni alfajiri. Basi wakitoka msikitini kuswali, mdogo mtu hakwenda kwake. Alikuja moja kwa moja sebuleni kwa kakake, wakawasha televisheni, nami nikaitwa kuleta kahawa. Waligombana kwa Kiingereza, nadhani kwa sababu madam, mke wa bosi, hakukijua vizuri, na matusi yao hayakufaa kumfikia. Mimi Kiingereza nilikijua. Nilielewa kila neno na sikuelewa chochote.

Kosa langu la kuelewa lilianza na shule yetu ya msingi kule Bungoma. Wasichana tulicheza kati. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa matambara, mmoja yuko katikati, na kazi ya warushaji ni kumpiga huyo wa katikati. Akiguswa, ametoka. Nilikuwa mrushaji hodari, na wasichana wengine waliingia katikati wakiomba mvua inyeshe. Basi nilipoona kwenye televisheni mwanamume amesimama peke yake juu ya kichuguu, akamkazia macho mwenzake mwenye rungu, akarusha, nikasema, haya, hii naijua, ni kati ya wanaume. Kilichonishangaza ni ubovu wa shabaha. Mtu analipwa hela zote hizo na anamkosa jitu zima lililosimama tuli!

Siku moja mrushaji wao akampata mwenye rungu mgongoni, pu! Nikasahau sinia mkononi, nikapaza sauti, “Ndio hiyo! Ametoka huyo!”

Ndugu wawili waligeuka wakanitazama.

“Unashangilia nini?” bosi akauliza.

“Si amempata, bosi?”

Mdogo wake alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Bosi, ambaye alikuwa na subira ya mwalimu, akanieleza kwamba kumpiga mtu ni kosa. Aliyepigwa anapewa nafasi ya kwenda kituo cha kwanza bila kukimbizwa na yeyote, na mrushaji ndiye anayeumia kwa hilo.

“Kwa hiyo aliyeumizwa ndiye anayelipwa?”

“Naam. Ni haki yake.”

Nilirudi jikoni kichwa kinazunguka. Sikuwahi kuona mchezo, wala nyumba, wala nchi, ambapo anayeumizwa anafidiwa papo hapo na wote wanaona ni kawaida. Nilifikiri sana juu ya jambo hilo nikiosha finjani.

Tangu siku hiyo walinitania. Nikiingia tu, mdogo mtu ananiuliza, “Leo tumwanzishe nani, mzee au kijana?” Ndiyo iliyokuwa mada yao kuu. Timu ilikuwa na mrushaji mzee, kipenzi cha bosi, ambaye kiwiko chake kilikuwa kinamsumbua. Ilikuwa pia na kijana mmoja mwenye mpira wa kasi ya ajabu, lakini walimwacha arushe kidogo tu kisha wakamtoa, eti mkono wake usije ukachakaa mapema. Na juu yao wote kulikuwa na meneja, ambaye mdogo mtu alimsifu na bosi alimchukia kwa dhati. Meneja alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba mzee hana tatizo. Mzee akasema ana maumivu. Meneja akamtoa uwanjani mbele ya watu, na mzee akatupa glavu yake ukutani.

“Anadanganya,” mdogo mtu alisema. “Amesaini mkataba, arushe.”

“Wewe huna moyo!” bosi akasimama. “Mtu akisema mkono unamuuma, mkono unamuuma. Nani anaujua mkono kuliko mwenyewe? Mpe mapumziko, mpe daktari, mngoje hata mwaka. Ametufanyia mangapi!”

Nilisimama pale na birika, maneno yale yakaniingia. Kwa sababu wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa na mkono uliokuwa ukiniuma, na hakuna aliyejua isipokuwa dereva.

Dereva alikuwa Mkenya, Mkamba, mtu mzima aliyekuwa Saudia miaka mingi kabla ya mawakala kuanza kutujaza kwenye ndege. Siku niliyofika ndiye aliyenipokea, na kabla hatujatoka uwanja wa ndege alishanipa sheria. “Dadangu, miezi mitatu ya kwanza wewe hujaajiriwa, unajaribiwa. Kafili, yaani mwajiri wako, akiona una kasoro, anakurudisha ofisini kwa wakala, maktab wanavyoiita, anapewa mwingine bure. Vile unarudisha blenda dukani. Ukipita miezi mitatu, hapo sasa ni shida yake. Kwa hivyo usiumwe. Umesikia? Usiumwe hata kichwa.”

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa Wakamba.

Kisha ikaja habari kwamba tunaenda Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, kwa baba yake bosi, kukaa huko likizo yote. Madam akataka mazulia yakunjwe na kupandishwa juu ya kabati kabla hatujaondoka. Nilipokuwa nimesimama kwenye kiti na zulia begani, kitu kikalia ndani ya bega la kulia. Jioni yake sikuweza kufunga kilemba.

“Nyamaza,” dereva akaniambia nilipomweleza. Ijumaa alienda mtaa wa Batha kutuma pesa nyumbani, akarudi na dawa ya kuchua na vidonge. “Jipake, umeze, unyamaze. Hapa hakuna mtu ana bega.”

“Lakini kaka, bosi ni mtu wa huruma. Hujamsikia vile anamtetea yule mrushaji? Karibu alie.”

“Huyo mrushaji anamfulia nguo?”

Sikumwamini. Nilikuwa nimemsikia bosi kwa masikio yangu. Mtu hawezi kujifunza huruma ya aina ile, yenye hasira, kwa ajili ya kiwiko kimoja tu. Mara mbili nilisimama mlangoni mwa sebule nikiwa nimepanga maneno. Mara zote mbili mpira ukapigwa, wakapiga kelele, nami nikageuka na finjani zangu.

Finjani ndizo zilizonitesa. Kahawa ya pale ina adabu zake: birika unalishika kwa mkono wa kushoto, finjani unampa mtu kwa mkono wa kulia. Wiki yangu ya kwanza nilikosea, madam akanipiga kofi dogo kwenye kifundo cha mkono, “Yamin! Yamin!” yaani kulia. Wala sikuhitaji kofi, kwa maana hata kwetu mtoto akimpa mtu kitu kwa kushoto anakaripiwa. Sasa wa kulia ulikuwa hauendi mbele. Kwa wale ndugu wawili nilipata ujanja: nilimimina, nikaweka finjani mezani mbele yao. Hawakugundua. Macho yao yalikuwa kwenye televisheni, wakichunguza kama mzee anakunja uso akirusha, kama anatikisa vidole, kama kiwiko kimeshuka kuliko wiki iliyopita. Waliona kila kitu kwenye mkono ule. Wangu ulikuwa hatua mbili kutoka kwao.

Jeddah hakukuwa na meza. Nyumba ya mzee, baba yake bosi, ilikuwa na sebule ya mito ukutani, watu wanakaa chini. Alfajiri ya kwanza waliketi wote: mzee, bosi, mdogo wake, na madam pembeni na binti yake mdogo amelala mapajani. Mchezo ulikuwa umeanza, na ugomvi pia. Meneja alikuwa amemwanzisha yule kijana, na mzee wa kiwiko alikuwa ameketi benchi amevaa koti.

“Amemwadhibu!” bosi alikuwa akifoka. “Mtu mgonjwa anaadhibiwa kwa kusema anaumwa!”

Mimi nilikuwa mbele ya baba yake. Nilijaribu kulia. Bega likakataa, finjani ikatikisika. Basi nikaweka birika chini, nikashika finjani kwa kushoto, nikampa.

Mzee aliitazama finjani. Kisha akaurudisha mkono wake mapajani, polepole. Watu wa kwenye televisheni tu ndio walioendelea kushangilia.

“Yamin!” madam akasema kwa sauti ya chini, uso umemwiva kwa aibu.

“Hauinuki, madam,” nikasema. Sikujua kama nitalia au nitacheka. “Mkono hauinuki.”

Aliyeinuka ni mdogo mtu, yule aliyesema msimu mzima kwamba mrushaji anadanganya. Akaja mbele yangu. “Inua.”

Niliinua. Ukafika usawa wa kifua ukakwama.

“Tangu lini?”

“Tangu mazulia.”

Hakusema ninadanganya. Aliitazama sakafu. Nikamgeukia bosi, kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa nikimngoja. Na bosi alikuja kweli, na uso wa huruma kweli, akaniambia, “Masikini. Pole. Pole sana. Kwa nini hukusema?” Kisha akamgeukia mkewe, akamwambia kwa Kiarabu chepesi ambacho hata mimi nilishakifahamu, “Miezi mitatu bado haijaisha, alhamdulillahi. Tukirudi Riyadh, maktab watatupa mwingine.”

Alisema alhamdulillahi kwa utulivu wa mtu aliyepata bahati, na akanitazama na tabasamu dogo, kana kwamba bahati ile ilikuwa yangu pia. Hakuwa na ubaya wowote. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Mtu mbaya ningemwelewa.

Madam ndiye aliyeniita jikoni. Alikuwa mkali yule mwanamke, mkali wa kuhesabu vijiko. Akavua mtandio wake mwenyewe, akanifunga mkono shingoni, akakaza fundo mpaka nikaguna. “Wewe punda,” akaniambia. Mchana, nyuma ya mlango, nikawasikia wakibishana yeye na mumewe. Sikushika yote. Nilimsikia bosi akisema “maktab”, na madam akisema “mafi maktab”, hakuna ofisi, na kwamba amenifundisha kupika kabsa, wali wao wa nyama, mpaka koo likamkauka, haanzi tena na mwingine. Bosi akasema huyu hana mkono. Madam akasema ana mmoja. Kisha mlango ukafungwa vizuri na sikusikia mwisho wake.

“Umeongea,” dereva akaniambia uani, akiosha gari. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni tu. “Sasa funga sanduku, lakini usilifunge sana.”

Siku zilizobaki nilipika kwa mkono mmoja na kusali kwa moyo wote. Ofisini nilijua kuna chumba cha waliorudishwa. Nilikipita siku niliyofika: wanawake wameketi juu ya mabegi yao, hawajui ni nyumba gani inayokuja, wala kama inakuja. Nyumbani nilikuwa nimemwachia mama watoto wangu wawili kwa ahadi ya miaka miwili. Ningerudi na nini? Na bega?

Alfajiri ya mwisho kabla ya safari, ndugu wawili walikuwa mbele ya televisheni. Nilimimina kahawa kwa kushoto, mkono wa kulia ukining'inia kwenye mtandio wa madam. Habari zilikuwa mbaya. Ilisemekana timu inataka kumwachilia mrushaji mzee aende zake, kwa kuwa kijana amethibitisha kwamba anaweza. Wakamwonyesha mzee amesimama kwenye ngazi, ameegemea uzio, anawatazama wenzake. Nikaona macho ya bosi yanalowa. Naapa, yalilowa.

“Mtazame,” akaniambia. “Wanamtupa hivihivi. Niambie wewe, hii ni haki?”

Sikutaka kumchoma. Watu niliowasimulia baadaye hawaamini, wanadhani nilikuwa nimeipanga ile kauli. La. Niliuliza kwa sababu sikujua, na kwa sababu ndiyo sheria pekee ya kazi niliyokuwa nimefundishwa katika nchi ile.

“Kwani bosi, naye miezi mitatu yake haijaisha?”

Mdogo mtu akaacha kutafuna tende. Bosi alifungua mdomo kunieleza, kama alivyonieleza habari za kituo cha kwanza. Akaniangalia usoni, kisha mtandioni, kisha finjani, niliyokuwa nimeishika mbele yake kwa mkono wa kushoto nikingoja aone pa kuiweka. Kwenye televisheni mpira ulipigwa mbali, watu wakainuka vitini, na hakuna aliyegeuka kuutazama.

Akanyoosha mkono, akaipokea.

Kesho yake tukashika barabara ya kutoka Jeddah, nami sijui napelekwa wapi. Bosi aliketi mbele na dereva, anatazama jangwa. Mimi nilikuwa nyuma na madam na mtoto, sanduku langu likiwa juu ya mizigo yote, tayari kushushwa kwanza. Tulipoingia Riyadh tukafika pale barabara inapogawanyika, kulia ofisini, kushoto nyumbani. Dereva akapunguza mwendo. Akanitazama kwenye kioo, kisha akamtazama bosi, akangoja aambiwe. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Bosi aliitazama barabara, mikono mapajani.

“Yalla,” madam akasema. “Nyumbani. Kuna nguo za kufua.”

Dereva akakata kushoto.