Konzi Moja kwa Kila Kizimba

Wenzake kazini walimwita Mama Vizimba, na jina hilo alilipokea kama wengine wanavyopokea cheti. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitunza panya weupe wa chuo, katika chumba cha ghorofa ya chini chenye feni mbili, rafu tatu na harufu ambayo mgeni huilalamikia kwa dakika tano na mwenyeji haisikii tena. Aliwajua panya wake kama mwalimu ajuavyo darasa: yule mtoro, yule mchokozi, yule anayelalia chakula asiwaachie wenzake. Asubuhi aliwasalimu kwa sauti, na akiudhika aliwatisha kwamba atawahamishia kwa paka. Hakuna aliyewahi kuhamishwa.

Mwaka huo alikabidhiwa panya wa mtafiti mmoja, daktari mwanamke, kijana, aliyetembea kama anayefukuzwa. Daktari alitaka kujua jambo moja tu: madini ya chuma yaliyomo katika chakula yanawafanya nini bakteria wa tumboni. Tumbo la panya, alimweleza Mama Vizimba, lina bakteria wa aina nyingi mno, kama soko lenye watu wa kila namna. Je, chuma kikipungua au kikizidi, aina hizo hubadilika au hubaki zilivyo? Kwa hiyo panya wa rafu yenye kadi nyekundu walikula chakula chenye chuma kidogo, wa kadi ya njano chuma cha kawaida, na wa buluu chuma tele. Kila Alhamisi Mama Vizimba aliokota mavi ya kila kizimba kwa kibano, akayatia kwenye vichupa na kuyapandisha maabara. Mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi, aliwaambia wateja wake kuwa mkewe ni tarishi wa mavi.

Alikuwa na desturi yake. Panya akitiwa kwenye maranda mapya matupu ya kulalia huona amehamishwa nyumba, akaanza kung'ata wenzake. Basi kila alipobadilisha maranda, Mama Vizimba alibakiza konzi moja ya yale ya zamani na kuirudisha kizimba kilekile ilikotoka, ili wenyewe wasikie harufu ya kwao. Kazi hiyo ilimla asubuhi nzima, na hakuna aliyemwagiza. Ulikuwa uungwana wake tu.

Jumamosi moja, wiki ya tano ya utafiti, shemeji yake alipiga simu kwamba yuko njiani na kabati jipya. Gari lilikuwa la kuazima na lilitakiwa kurudi kwa mwenyewe saa sita. Kabati hilo Mama Vizimba alikuwa amelisubiri mwaka mzima. Akatia konzi zote ishirini na nne katika ndoo moja, akaosha vizimba kwa mkupuo, kisha akagawa kutoka ndooni, konzi huku, konzi kule. Chakula hakukikosea hata punje. Saa tano na nusu alikuwa mlangoni kwake akielekeza: kushoto, kushoto tena, shemeji, huo ni ukuta.

Wiki ya kumi daktari alishuka na karatasi zake. Aliyekuwepo mwingine ni mwosha chupa, kijana mmoja aliyeitwa Sabuni. Daktari akawaeleza kuwa wiki ya nne bakteria wa rafu nyekundu walianza kutofautiana na wa rafu nyingine, lakini tangu ya sita rafu zote tatu zimefanana. Kwa hiyo ile tofauti ya mwanzo ilikuwa bahati nasibu, chuma hakikufanya kitu, na Jumatatu angesimama mbele ya maprofesa kusema hivyo. Sabuni, ambaye hakuwa na haya ya kuuliza, akataka kujua kama bakteria wanaweza kutoka panya huyu kwenda yule. Wanaweza sana, daktari akamjibu, kwa sababu panya hula mavi ya wenzao, ndiyo maana wakaao pamoja hufanana matumbo. Ila hapa kila kizimba kiko mbali na kingine, basi hilo halipo.

Mama Vizimba akashika ukingo wa rafu. Maranda ya zamani yana nini, kama si mavi?

Na mezani kwa mkuu wa idara kulikuwa na barua ya kumpandisha kuwa msimamizi wa chumba kizima. Ilikuwa imebakiza sahihi tu.

Jioni alimsimulia mumewe yote. Fundi aliweka chini suruali aliyokuwa akiipinda.

"Mke wangu, panya hawasemi."

"Ndiyo maana nimebaki mimi wa kusema."

Mumewe akashauri angalau asubiri barua isainiwe. Mama Vizimba akamuuliza, akishakuwa msimamizi, atawaambia nini walio chini yake kuhusu kazi safi? Fundi akaokota suruali yake. Wako watu wanaodhani kosa lililotoka kwenye haraka si kosa. Ni kosa, na kulificha ni la pili, tena hilo hufanywa bila haraka yoyote.

Kesho yake Mama Vizimba alipanda ngazi hadi kwa daktari kabla hajavaa koti la kazi.

"Ndoo moja, Mama? Vizimba vyote?"

"Vyote ishirini na vinne. Jumamosi ya wiki ya tano. Nilikuwa nawahi kabati."

"Kabati?"

"La nguo, daktari."

Daktari hakucheka. Alisema kwa ukali kwamba miezi miwili na nusu imekwenda na maji, na Mama Vizimba hakujitetea. Kisha daktari akaketi.

"Ningesema uongo mbele ya watu na nisingejua."

"Mimi ningejua."

Mkutano wa Jumatatu ukafutwa, wakaagizwa panya wapya. Taarifa iliandikwa, na jina la aliyekosea likiwemo. Barua haikusainiwa, na usimamizi akapewa Sabuni. Daktari hakumwombea, wala hakupaswa. Lakini mkuu wa idara alipotaka kumhamishia Mama Vizimba kufagia varanda, daktari alikataa katakata. Alisema hataanza utafiti upya mikononi mwa mtu ambaye hajui kama atamwambia ukweli.

Jumamosi ya kwanza msimamizi mpya alisimama mlangoni na funguo, hajui pa kuweka mikono.

"Mama, sasa mimi nikuagize nini?"

"Niagize nisiharakishwe."

Akamwagiza hivyo, kwa heshima zote, na akamsubiri mpaka saa nane mchana.

Wiki ya nane ya utafiti mpya daktari alishuka mwenyewe, akisahau kupiga hodi. Rafu nyekundu ilikuwa ingali inatofautiana na nyingine. Mama Vizimba hakuinua kichwa kwenye kizimba alichokuwa akikipangusa. Alimwambia zimebaki wiki mbili, asitangulie kusema.