Kitambaa cha Idd na Kompyuta ya Kulsumbai

Mimi sifichi, nina hasira za karibu. Mume wangu Fredy husema siku niliyozaliwa kule Muleba lazima ilipiga radi. Nakwambia mapema usije ukanishangaa huko mbele, maana habari hii ni ya Kulsumbai, mtu mpole kuliko wote niliowahi kukaa nao jirani, na upole wake na hasira zangu vilikaribia kumkosesha mjukuu wake.

Nilifika Mafia kwa kumfuata Fredy, aliyehamishiwa hifadhi ya bahari. Yeye akaenda zake kulinda matumbawe, mimi nikafungua kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta pale Kilindoni, ubavuni mwa duka la Mzee Bahadurali la misumari, rangi na mabomba. Kulsumbai ndiye mke wa mzee huyo. Amezaliwa Kilindoni, baba yake pia Kilindoni, ana miaka sitini na saba, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Dar es Salaam, kung'oa jino. Asubuhi anakaanga kachori. Mchana anamkumbusha mumewe alikoweka miwani. Saa kumi jioni anafunga kilemba chake vizuri, anakaa sebuleni nyuma ya duka, anasema bismillahi, anakuwa tabibu wa vita.

Ndiyo, tabibu wa vita. Kuna gemu moja la mtandaoni ambalo kila mchezaji anachagua awe nani: wengine mashujaa wa panga, wengine wachawi, wengine wapiga mishale. Kulsumbai alichagua kuponya waliojeruhiwa. Mtu wake ndani ya gemu amejifunika kichwa na anaitwa Kachori. Kuku wa mle ndani wenzake huwapiga wapate nyama, yeye hataki hata kuwaona wakiguswa. "Wamewakosea nini?" anawauliza.

Aliyemfundisha ni mjukuu wake Aleena, mtoto wa mwanawe Waseem. Mwaka juzi Waseem alihamia Kanada na familia yake, Aleena akiwa na miaka kumi na minne, na kabla hajapanda ndege akamwekea bibi yake gemu hilo kwenye kompyuta waliyoinunua kwa mtafiti mmoja wa papa potwe aliyemaliza mkataba wake. Mashine hasa ile, ina kadi ya picha yenye nguvu, mtafiti alikuwa akihariria video zake za chini ya maji.

Huko Kanada mtoto hakupata rafiki. Ukimpigia simu, anajibu "nzuri", anajibu "sawa", basi, kimya. Lakini wakiwa ndani ya gemu, wanatembea porini wanachuma majani ya dawa, anafunguka. Anamweleza bibi yake waliomcheka darasani, theluji iliyomwingia kiatuni, ndoto alizoota. Saa kumi jioni kwetu ni asubuhi kwake, na Kulsumbai aliniambia wazi: "Getrude, saa hiyo moja ndiyo mjukuu wangu. Nyingine zote ni picha tu ukutani."

Sasa, baada ya Idd, akaja kibandani kwangu ameshika shavu.

"Shikamoo, Mama Waseem. Kulikoni?"

"Marahaba, mwanangu. Gemu linaganda. Natembea, nasimama, natembea, nasimama. Adui yuko kule mbali, nikipepesa macho yuko usoni pangu."

Nikachukua bisibisi zangu, nikazunguka mlango wa sebuleni, nikabisha hodi. Ndani nikasikia pilikapilika kidogo, kisha "Karibu!" Nikaingia. Kompyuta iko wazi mezani, sanduku la mashine kando ya kioo, na kwenye mkono wa kiti kuna kitambaa kimekunjwa vizuri. Nilikitambua. Nilikifuma mwenyewe kwa mkono, maua meupe na pindo la kijani, nikampelekea siku ya Idd akifunikie mashine yake. Tena mimi si fundi wa kubabaisha: chini nilishona bitana nzito, ili ule ukungu wa chumvi wa hapa kisiwani usipenye hata chembe.

Nikacheza dakika ishirini. Gemu linateleza vizuri kabisa.

"Mtandao huo, mama," nikamwambia. "Wingu lilikuwa zito."

Mzee Bahadurali akachomoza kichwa kwenye pazia la dukani. "Getrude, mimi naona ile..."

"Mzee, wewe uza misumari. Kompyuta niachie mimi."

Kichwa kikarudi kilikotoka. Nilijisikia mtaalamu kweli, wallahi.

Siku tatu baadaye likaganda tena. Nikabisha hodi, karibu, nikaingia, linateleza. Nikasasisha programu inayoiongoza kadi ya picha. Wakati wa kuondoka jicho likaangukia kile kitambaa, bado kimekunjwa palepale kwenye kiti, na moyo ukaniuma.

"Naona zawadi yangu haikupendeza," nikasema. Nilisema kwa ile sauti yangu, Fredy anaijua.

Kulsumbai akashika kifua. "Astaghfirullah! Inanipendeza sana, mwanangu. Sana!"

Kuanzia hapo ugonjwa ukazidi. Mara ya tatu nikapunguza ubora wa picha mpaka chini kabisa. Miti ikapoteza majani na milima ikawa mabonge. Kulsumbai akavumilia siku mbili, ya tatu akaja: "Getrude, linaganda vilevile, na Aleena sasa hana pua." Nikamrudishia pua. Mara ya nne nikafungua mashine yote, nikapuliza vumbi, nikaisugua feni kwa brashi ya rangi aliyonipa mzee, nikapima joto: sitini na tano. Halina neno. Nikacheza nusu saa nzima nikila kachori, likawa linatiririka tu.

"Inakuogopa," akasema Kulsumbai. "Ukiingia wewe inanyooka. Ukitoka, inaanza vituko vyake."

Na mimi, mjinga mkubwa, nikafurahi kuogopwa.

Kumbe huko ndani ya gemu mambo yalikuwa yanaharibika. Kikosi chao ni watu watano, na kiongozi wao ni Mbrazili mmoja asiye na subira, ingawa Kulsumbai alikuwa ameshamfundisha kusema shikamoo. Mara mbili walikufa wote kwa sababu tabibu aliganda katikati ya vita. Aleena ndiye aliyemfikishia bibi yake ujumbe, huku analia: Jumamosi wanaingia pango la joka, tabibu akiganda tena wanamtoa, wanatafuta mwingine. Nafasi ya sita haipo.

Kulsumbai hakulia mbele yangu. Alikuwa anachambua mchele tu, anachambua uleule mara mbili. "Nikitolewa," akasema, "Aleena atacheza na wenzake. Na ni haki yake, ni mtoto. Mimi nitabaki na nzuri na sawa."

"Hutolewi!" nikamfokea, kana kwamba yeye ndiye Mbrazili. "Jumamosi saa kumi kasoro nitakuwa nimekaa hapa. Si inaniogopa? Tutaona!"

Jumamosi nikaitwa Baleni, mashine ya kuchapia imegoma ofisi ya kijiji. Nikaenda asubuhi nikijua saa nane nimerudi. Mashine ikanichezea, saa tisa ndiyo nikapanda bodaboda, na njiani tairi likapasuka. Nilimsema yule dereva mpaka akaniomba nishuke nikapumzike kivulini. Nilifika Kilindoni saa kumi na dakika kumi na tano, vumbi mpaka kwenye kope.

Siku zote napita mlango wa sebuleni, nabisha hodi, nasubiri karibu. Siku ile sikuwa na hodi. Nikapita dukani, nikaruka mkebe wa rangi. Mzee Bahadurali amesimama kaunta na mteja anayetaka bawaba, na hata hamtazami. "Ingia, ingia!" akaniambia. "Linaganda!"

Nikavuta pazia. Kulsumbai amevaa nguo yake ya harusini, ya zari, jasho linamchuruzika. Kwenye kioo joka limefungua mdomo, halisogei. Likaruka kidogo, likaganda. Likaruka, likaganda. Na kwenye spika sauti ya mtoto: "Bibi! Niponye! Bibi, uko wapi?"

"Naja, mama, naja," anasema Kulsumbai akibonyeza vitufe. "Miguu inakataa!"

Na mezani, mashine. Imevaa. Imefunikwa kitambaa changu kuanzia juu mpaka chini, kimepigwa pasi, na juu yake kimewekwa kikuba cha asumini kwa ajili ya siku kubwa. Feni zinalia huko ndani.

"Mawe!" nikapiga kelele, maana sisi watu wa Kagera tukishituka tunamwita mama kwa lugha ya nyumbani. Nikakinyakua. Kilikuwa cha moto, nikakirusha juu ya kabati, asumini zikatawanyika sebule nzima. Ile bitana yangu nzito, ya kitaalamu, ilikuwa imebadilika rangi pale ilipokaa juu ya feni.

"Usikivue!" akalia Kulsumbai. "Utakasirika!"

"Nani atakasirika?"

"Wewe!"

Sikuwa na muda wa kujibu. Nikashika upepeo wa ukili, nikaanza kupepea ile mashine kama wanavyopepea mshikaki. "Mzee! Feni!" Bahadurali akachana boksi jipya kabisa la dukani, akaingia na feni ya kusimama bado ina nailoni, na yule mteja wa bawaba nyuma yake kashika waya. Tukaichomeka. Nikawa nasoma joto kwa sauti: tisini na saba, tisini, themanini na mbili. Joka likaanza kutikisika. Sabini na nne. Joka likatembea.

Na Kachori akatembea. Aleena alikuwa amebakiwa na uhai wa kuhesabu kwa kidole, kiongozi wao keshalala chini. Kulsumbai akanyoosha fimbo yake, mwanga wa kijani ukamfunika mjukuu, akainuka. Akamwinua na Mbrazili. Sisi watatu nyuma yake tunapiga kelele, mimi napepea huku feni ipo, mteja anauliza, "Joka ni yupi sasa, huyo mkubwa?" Dakika sita. Halafu joka likaenda chini, na spika zikapasuka kwa vifijo, na juu ya vifijo sauti nzito ya kiume: "Shikamoo, Bibi! Shikamoo!"

"Marahaba, baba, marahaba," akajibu Kulsumbai, na hapo ndipo akalia.

"Bibi," akasema Aleena, anacheka, pumzi hana. "Hukuganda! Nani ametengeneza?"

"Getrude," akajibu bibi yake bila kusita. "Si unamjua, fundi wetu."

Nilisimama na upepeo mkononi. Ningeweza kunyamaza, jamani. Kulsumbai alikuwa ameshanifunika, kama alivyonifunika wiki zote zile: kila nikibisha hodi anaivua mashine ili nifanye kazi, kila nikitoka anaivisha ili siku nikipita nisione zawadi yangu imetupwa. Nikamgeukia Bahadurali.

"Mzee, siku ile kichwa kwenye pazia, ulitaka kusema nini?"

Akabandua nailoni kwenye ile feni mpya. "Kwamba ile nguo inaichemsha mashine."

"Na wewe, mama, kwa nini usiivue tu?"

"Ulishasema hatuipendi," akasema Kulsumbai taratibu. "Ningeivua vipi, mwanangu?"

Nikainama kwenye kile kipaza sauti. "Aleena, mimi ni Getrude. Bibi yako anakudanganya. Sikutengeneza. Mimi ndiye niliyeharibu." Nikamweleza yote, kitambaa, bitana, misumari, mpaka ile sauti yangu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani nasema maneno hayo mbele za watu, na Fredy akisikia hataamini.

Nikajua nimeharibu na furaha yenyewe. Kisha mtoto akaanza kucheka, kicheko kile cha kushika tumbo, mpaka baba yake tukamsikia kwa mbali akiuliza kuna nini. Waseem aliniambia baadaye kwamba tangu wahamie alikuwa hajakisikia kicheko kile ndani ya nyumba.

"Kiko wapi sasa hicho kitambaa?" akauliza Aleena.

"Juu ya kabati," nikasema. "Nitakichoma moto."

"Usikichome! Nipeni mimi. Mimi huku nina baridi."

Kilisafiri mwezi uliofuata na binamu yao mmoja, kikiwa na asumini zilizokauka ndani yake, Kulsumbai mwenyewe alizitia. Picha ikaja kwenye simu, nikaichapa kubwa, Bahadurali akaipigilia kaunta kwa misumari minne: Aleena mbele ya kompyuta yake, maua meupe na pindo la kijani magotini, na lile doa la kahawia analionyesha kwa kidole. Mteja yeyote akija, hata wa skrubu moja, Kulsumbai anamvuta mkono kwanza. Anamwambia huyu ndiye mjukuu wake, jioni wana safari pamoja, na hicho kitambaa kafuma Getrude, na bitana yake ni nzuri sana.